Kazi ya fundi isikose jina

Miezi michache iliyopita nilimwendea seremala mmoja kati ya wale wanaofanya kazi kando ya barabara itokayo Embu kuelekea Runyenjes, nikiwa na picha ya meza katika simu yangu. Nilitaka anitengenezee meza iyo hiyo, kwa miguu ile ile na rangi ile ile. Fundi aliitazama picha kwa muda, akanirudishia simu, kisha akaniuliza kwa upole: "Mzee, hata mimi nina michoro yangu. Huwezi kuitazama kwanza?"

Nakiri kwamba niliona haya. Juu ya benchi lake palikuwa na taa ya mezani aliyoitengeneza kwa kibuyu kilichotobolewa matundu madogo madogo, kikawekwa juu ya kigoda cha miguu mitatu. Alipoiwasha, ukuta mzima wa mabati ulijaa vidoa vya nuru. Nilimuuliza ni kwa nini hapeleki taa kama hizo mjini. Akanieleza kwamba aliwahi kufanya hivyo. Mwenye hoteli mmoja alinunua mbili, akaahidi kurudi kuagiza nyingine ishirini. Hakurudi. Baada ya miezi kadhaa fundi aliingia katika hoteli hiyo na kuzikuta taa ishirini zikining'inia, zimetengenezwa na karakana nyingine kwa bei ya chini. "Ningesema nini?" aliniambia. "Hazikuwa na jina langu."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike leo. Kwa muda mrefu tumezoea kusema kwamba shida ya mafundi wetu ni mtaji, vifaa na soko. Hayo ni kweli. Lakini iko shida nyingine ambayo haitajwi, nayo ni kwamba tunamlipa fundi kwa mbao, misumari na jasho lake, ilhali fikira iliyozaa kile kitu tunaichukua bure.

Hapana shaka kwamba Meru na Embu zimejaliwa. Huku ndiko uliko mti ambao wenyeji wa Meru huuita muuru na wafanyabiashara wa mbao huuita Meru Oak, mti wa asili ya nyanda hizi za Mlima Kenya. Siku hizi, hata hivyo, mkombozi wa seremala ni mukima. Mti huo uliletwa kutoka Australia enzi za ukoloni ili uikinge kahawa na chai kwa kivuli chake, nao leo umesimama katika mipaka ya mashamba mengi kutoka Manyatta hadi Nkubu. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mwaka 2018, ni miti ya mashambani kama huo iliyowaauni mafundi. Ubao wake ukipasuliwa kwa ustadi huonyesha mabaka yanayong'aa kama hariri. Ongeza hapo mkonge na vibuyu vya sehemu kame za Mbeere na Tharaka, pamoja na maganda ya migomba ya Meru, nawe utaona kwamba mwenye kutaka kupamba nyumba hahitaji kuvuka bahari.

Wala ubunifu si jambo geni kwetu. Kigoda cha wazee kina miguu mitatu kwa sababu kitu chenye miguu mitatu hakiyumbi hata kikiwekwa kwenye sakafu ya udongo isiyo sawa. Aliyeligundua hilo hakufundishwa na mtu wa mbali. Aliitazama sakafu yake akafikiri. Vijana wachache wanaounda taa, rafu na viti vya namna yao katika vibanda vya Meru mjini, Chuka na Embu wanafanya jambo lilo hilo. Nao wamepata nafasi ambayo baba zao hawakuwa nayo, kwani tangu mpango wa kusambaza umeme vijijini wa Last Mile uzinduliwe mwaka 2015, nyumba nyingi zilizokuwa zikiangazwa kwa koroboi sasa zinatafuta taa zenye sura.

Ni jambo la kusikitisha basi kwamba sisi wateja ndio tunaowavunja moyo. Tunaingia na picha za samani za Ulaya na Dubai na kuamuru zinakiliwe. Makanisa, shule na hoteli hufanya vivyo hivyo. Fundi anayeiga kila siku mwishowe husahau kubuni, na pale ambapo kila kibanda kinauza kiti kile kile, kinachobaki ni kushindana kwa bei tu. Hapo ndipo mbao mbichi zinapotumiwa na gundi kupunguzwa, na meza kufunguka viungo kabla ya mwaka kwisha.

Watakuwapo watakaosema kwamba kuiga ndiyo shule ya fundi, na kwamba kigoda ni urithi wa wote. Nakubaliana nao. Mwanafunzi hana budi kuiga mikono ya mwalimu wake, na hakuna mtu mwenye haki ya kujimilikisha kigoda cha mababu. Lakini mwanafunzi huiga ili ajifunze, na mwenye hoteli aliiga ili asilipe. Tofauti hiyo hata mtoto anaielewa.

Sheria nayo inaielewa. Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 inamruhusu mbunifu kusajili umbo la bidhaa yake katika Taasisi ya Mali ya Viwanda nchini (KIPI), mradi umbo hilo liwe jipya. Usajili hudumu miaka mitano, nao waweza kuongezwa muda mara mbili hadi ufikie miaka 15. Lakini ofisi iko Nairobi, fomu zinataka ujuzi, na fundi wa Ishiara au Kianjai hawezi kufunga kibanda siku mbili kwa ajili ya taa moja ambayo hajui kama itauzwa. Haki iliyo mbali namna hiyo ni vigumu kuitofautisha na haki isiyokuwapo.

Hapa ndipo serikali za kaunti zinapotakiwa kuonyesha kazi yao. Haikosi kuwa na manufaa kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 iliziweka samani za kutoka nje katika kiwango cha juu cha ushuru cha asilimia 35. Lakini ushuru humzuia mgeni tu. Haumwinui mwenyeji. Kaunti za Meru na Embu zingeweza kuwa na afisa mmoja wa kuwaandikia mafundi fomu hizo na kuzifikisha Nairobi. Aidha, zingeweza kuwa na tanuri la kukaushia mbao katika taasisi za ufundi, fundi akalipa ada ndogo na kuondoka na ubao usiopinda. Taa nzuri juu ya kigoda kilichopasuka haitauzwa mara ya pili.

Tena serikali ni mnunuzi mkubwa. Mwaka 2020, shule zilipokuwa zikijiandaa kufunguliwa baada ya janga la Korona, serikali kuu ilitenga Sh1.9 bilioni za madawati na kazi ikapewa maseremala wa mitaani. Tuliona basi kwamba inawezekana. Nayo sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kwa nini basi kaunti inapotaka viti vya ukumbi au taa za maktaba isiwaalike wabunifu wa kwao walete michoro yao wenyewe, na atakayeshinda alipwe kwa mchoro na kwa kazi, kila kimoja kwa bei yake?

Mafundi nao wasidhani kwamba nawasifu bure. Wengi wao wameharibu soko kwa ahadi zisizotimizwa. Kesho ya fundi imekuwa kitendawili katika nchi hii. Anayetaka kuheshimiwa kama mbunifu aheshimu siku aliyoitaja, aihifadhi michoro yake na tarehe zake, na asitoe kazi karakanani bila ya kuitia jina.

Meza niliyoagiza nimeipata, siku tatu baada ya ile tuliyopatana. Haifanani na picha ya simuni. Miguu yake imelala kidogo kwa nje kama ya kigoda, na uso wake ni mukima mtupu usiopakwa rangi. Kabla hajaipiga vanishi nilimwomba aipindue, achome kwa chuma cha moto jina lake na mwaka. Alicheka, akaniambia kuwa sijatanguliwa na mteja yeyote kumwomba jambo kama hilo. Natumaini, ndugu msomaji, kwamba wewe utakuwa wa pili.