Kabla ya sindano ya urembo, uliza dawa ya kuyeyusha iko wapi

Matangazo ya sindano za kujaza midomo, mashavu na makalio yanapita kila siku katika simu zetu. Siwalaumu dada zetu. Kutaka kupendeza si kosa, hata kwa aliyekimbia vita na anayelala ndani ya hema. Lawama yangu iko kwa mwenye farmasi anayekubali kudunga kitu ambacho, kikileta shida, hana namna ya kukirudisha nyuma.

Kinachodungwa usoni, kama ni cha kweli, mara nyingi ni jeli ya asidi ya hialuroniki. Yenyewe inayeyuka mwilini kidogo kidogo kwa miezi. Shida ni ikiingia katika mshipa wa damu: njia ya damu inazibika, ngozi inageuka nyeupe ao ya madoa-madoa, kisha nyama inakufa. Kwenye pua ao katikati ya nyusi, jicho linaweza kupofuka. Kuna dawa ya kuiyeyusha, hialuronidase, lakini inapaswa kuwa pale pale mezani, si ya kuagiza kesho. Asiye nayo asidunge. Kwangu hapo hakuna mjadala.

Makalio ni hatari zaidi, maana kinachodungwa kwa bei ndogo mara nyingi ni silikoni ya maji. Dawa hiyo haiiyeyushi. Inahama mwilini, inaweza kufika mapafuni na kuua, na kuitoa ni kupasuliwa.

Farmasi ni mahali pa kuuza dawa na kumweleza mgonjwa namna ya kuitumia. Kudunga uso wa mtu ni kazi ya munganga aliyesomea mishipa ya uso. Mwenye farmasi mwema angekataa, na angemwonyesha mteja boksi: limefungwa? Tarehe na namba zinasomeka? Lilikaa juani? Tena kuna marafiki wanaochangia bomba moja ili kupunguza bei. Hapo wanachangia pia hepatiti B na ukimwi.

Na mama aliye kambini, mbali na hospitali, afikirie kwanza nani atamsafirisha usiku. Kama tayari umedungwa na unasikia maumivu makali, ngozi inabadilika rangi ao macho yanaona giza, usingoje asubuhi wala usiende kwa aliyekudunga kubembelezwa. Kimbilia hospitali saa ile ile, na boksi mkononi.