Kijiti Kwenye Soketi ya Banda la Gari



Katika mabanda mengi ya magari nyumbani kwetu, karibu na soketi ya ukutani hakikosekani kijiti au kifuniko cha kalamu. Kazi yake twaijua: hutumbukizwa katika tundu la juu ili plagi ya pini mbili iingie. Wengi huuona kuwa ni ujanja. Mimi nasema ni somo baya kwa watoto.

Soketi ya matundu matatu ina maana yake. Pini ya juu ya plagi ni ndefu kuliko wenzake. Hutangulia kuingia na kufungua vifuniko vidogo vinavyoziba matundu mawili ya chini. Viliwekwa hasa ili mtoto asichokonoe humo kwa msumari. Tukitia kijiti tunavifungua wenyewe, naye mtoto yupo mlangoni anatazama.

Tena, pini hiyo huungana na waya wa ardhini, ambao mafundi huuita ethi. Mashine yenye bodi ya chuma ikivuja umeme, waya huo huupeleka ardhini, na fyuzi hukatika. Pasipo waya huo, anayeishika mashine ndiye anayepitisha umeme. Bandani hatari huzidi: sakafu ya saruji ina maji ya kuoshea gari, na sisi tu miguu mitupu mbele ya umeme wa volti 230.

Wengine watasema fundi ni ghali. Lakini plagi au adapta ya pini tatu si ghali kama mazishi. Familia za Jumuiya zaweza kumwita fundi mwenye leseni kwa pamoja, akague ethi na kufunga kifaa kinachokata umeme unapovuja kufikia miliampia 30.

Mtu akinaswa na umeme, usimguse. Zima swichi kuu kwanza. Ikishindikana, simama juu ya ubao mkavu umsukume kwa mti mkavu, kisha mpelekeni hospitali upesi, hata akisema hajambo.

Amri ya Tano inatudai kulinda uhai, na ulinzi huo huanzia nyumbani. Jioni ya leo, baba, zima umeme, ondoa kijiti hicho, na watoto wakuone ukikitupa.