Wazimu wa Mkewe Makbeth si Mshahara wa Dhambi

Mwanafunzi akiulizwa kwa nini mkewe Makbeth alirukwa na akili, jawabu lake aghalabu huwa moja: alilipwa kwa dhambi zake. Walimu wengi huliridhia jawabu hilo na kulitia alama ya vema. Kwa maoni yangu, lina kasoro, na kasoro yenyewe haiishii darasani.

Tamthilia hiyo ya Shakespeare, iliyotungwa yapata mwaka wa 1606 na kufasiriwa kwa Kiswahili na Samuel Mushi mnamo 1968, inatuonyesha mwanamke aliyemchochea mumewe amuue Mfalme Duncan. Hatia yake haina ubishi. Hatimaye twamwona akitembea usingizini, akiisugua mikono isiyo na damu. Lakini ikiwa wazimu ni mshahara wa dhambi, Makbeth ndiye aliyestahili kuupokea kwanza. Yeye ndiye aliyemuua mfalme, akaamuru Banquo auawe, kisha mke na watoto wa Macduff. Ingawa aliona mzuka karamuni, aliendelea kuamuru majeshi hadi siku ya kufa kwake. Ni bayana, basi, kwamba hatia ni jambo moja na ugonjwa ni jambo jingine.

Sisi wa Kombewa tungepaswa kulielewa hili upesi. Mahali hapa panajulikana kwa utafiti wa malaria. Kuanzia mwaka wa 2009, watoto wa hapa walishiriki katika majaribio ya chanjo ya ugonjwa huo. Mtoto akiweweseka kwa homa, hakuna anayeuliza ametenda dhambi gani, hukimbizwa hospitalini. Mbona kaka yake akianza kusema peke yake twatafuta kosa la ukoo?

Lugha zetu nazo zimechangia. Twasema mtu ana malaria, lakini twasema mtu ni kichaa. Wa kwanza ana ugonjwa. Wa pili amegeuzwa kuwa ugonjwa wenyewe. Dholuo humwita janeko, neno lililoundwa sawa na jalupo, yaani mvuvi, na japuonj, yaani mwalimu, kana kwamba wazimu ni kazi aliyojichagulia. Kweli, hata mgonjwa wa kawaida huitwa jatuo. Ila jatuo akipona, jina humwondokea. Janeko mara nyingi huzikwa nalo.

Turudi kwenye tamthilia. Daktari aliyemwona mkewe Makbeth aliagiza aondolewe kila kitu awezacho kujidhuru nacho, na aangaliwe daima. Huo ulikuwa ushauri mwema hata kwa tabibu wa leo. Lakini daktari huyo huyo alisema kwamba bibi yule alihitaji kasisi kuliko tabibu, na kwa hofu akayafunga mdomoni aliyoyaona. Mumewe naye alidai dawa ya kung'oa huzuni akilini, asiende kuketi na mgonjwa. Mwishowe bibi alikufa, na yasemekana alijitoa uhai.

Sheria yetu wenyewe ilikuwa na moyo mgumu vivyo hivyo. Kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu wa kufungwa jela, badala ya mgonjwa wa kutibiwa. Januari 2025, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Ikiwa mahakama imeweza kutenganisha ugonjwa na uhalifu, mwalimu ana udhuru gani?

Sisemi mkewe Makbeth asamehewe kifo cha Duncan. Nasema mwanafunzi afunzwe kuuliza maswali mawili: alitenda nini, na aliugua nini? Kisha aulize la tatu: ni nani aliyeuona ugonjwa ule akanyamaza?

Katika darasa la wanafunzi arobaini, huenda yumo mmoja aliyemwacha mgonjwa wa aina hii nyumbani asubuhi. Jawabu tunalolitia vema daftarini ndilo atakalorudi nalo kwa mgonjwa wake jioni.