Bukavu: Umeme unafifia kila jioni, hesabu ya ampere inaonyesha sababu

Saa moja ya jioni, katika komine za Kadutu, Ibanda na Bagira, taa zinaanza kufifia. Frigo inanguruma bila kushika. Kisha kabini inakatika na mtaa mzima unabaki gizani. Wakaaji wengi wanasema ni delestaje. Delestaje iko kweli, lakini haielezi yote.

Kila chombo cha umeme kimeandikwa wati zake. Ukigawanya wati hizo kwa volti 220 za nyumbani, unapata ampere, ndiyo kusema wingi wa umeme unaopita ndani ya waya. Televizyo ya wati 100 haifiki nusu ya ampere. Pasi ya wati 1.000 inavuta ampere 4,5. Resho ya sahani mbili, yenye wati 2.000, inavuta ampere 9. Mama akiwasha resho na pasi kwa pamoja, waya mmoja unabeba zaidi ya ampere 13. Kama waya huo ni mwembamba, ule wa taa, unapata moto ndani ya ukuta wa mbao bila mtu kuona. Katika mitaa ambamo nyumba zimebanana, kosa la nyumba moja ni hatari kwa wote.

Sasa tufanye hesabu ileile kwa mtaa. Tuchukue mfano wa kabini ya kVA 250 inayolisha nyumba 500. Kila nyumba inabaki na wati 500 hivi, sawa na ampere 2,3. Hiyo haitoshi hata pasi moja. Nusu ya nyumba zikiwasha resho ya wati 1.000 saa ileile, kabini imejaa, na wengine hawajawasha hata taa.

Hapo volti zinashuka. Zikifika 160, resho ya wati 1.000 inatoa joto la wati 530 tu. Sombe inayohitaji saa moja inakaribia saa mbili. Kwa hiyo resho zinakaa kwenye umeme muda mrefu zaidi, nyingine zinaongezeka, na mzigo haushuki. Frigo nayo, mota yake inashindwa kuanza, inavuta ampere nyingi na inaungua.

Je, watu waache resho? Si rahisi kusema hivyo. Makala ni ghali, na kila gunia linamaanisha miti iliyokatwa. Wengine wamekimbilia batri na pano za jua. Lakini kwenye batri ya volti 12, pasi ileile ya wati 1.000 inadai zaidi ya ampere 83. Hiyo mitambo midogo inafaa kwa taa, simu na televizyo, si kwa kupika.

Viongozi wanatumainia Ruzizi ya Tatu, bwawa la megawati 206 ambalo Kongo itagawana na Rwanda na Burundi. Ruzizi ya Kwanza, yenye megawati karibu 30, ilijengwa kabla ya uhuru. Ya Pili, yenye karibu 44, inafanya kazi tangu 1989 na inagawanywa vilevile na inchi hizo tatu. Umeme zaidi unahitajika, hakuna anayekataa. Ila kama kabini ya mtaa inabaki ileile na nyaya ni zilezile, megawati mpya zitasimama mlangoni.

Sheria ya 2014 ilifungulia watu binafsi kazi ya kuzalisha na kuuza umeme. Yeyote anayeuza, awe serikali au kampuni, anapaswa kuhesabu ampere za kabini kabla ya kuunganisha nyumba mpya, na kuweka konteri kwa kila mteja. Kuunganisha nyumba ya 501 kwenye kabini iliyojaa ni kuuza kitu ambacho hakiko. Na sisi nyumbani, kabla ya kuchomeka pasi, tuangalie kwanza kama resho inawaka.