"Sijui" Si "Hayupo": Tuache Kuwatia Kapu Moja

Katika mijadala yetu ya dini kuna uvivu ambao tumeuvumilia kwa muda mrefu mno. Mtu akisema hana dini, anaitwa mpagani. Akisema Mungu hayupo, anaitwa mpagani. Akisema hajui kama Mungu yupo au hayupo, naye huitwa mpagani. Watu watatu waliosema mambo matatu tofauti hutiwa kapu moja, kisha kapu hilo likatupwa nje ya jamii. Hoja yangu leo ni kwamba uvivu huu wa lugha ni dhuluma, na anayedhulumiwa si asiyeamini peke yake.

Tuanze na maana. Mkanamungu anazungumzia kilichopo na kisichokuwepo: kwake Mungu hayupo, au walau yeye haoni sababu ya kuamini kwamba yupo. Agnostiki anazungumzia ujuzi: anasema jambo hili halijui, na pengine hakuna binadamu awezaye kulijua. Neno hilo lilibuniwa mwaka 1869 na Thomas Henry Huxley, mwanabaiolojia wa Uingereza na mtetezi mashuhuri wa Darwin, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ujuzi. Kanuni aliyoisimamia Huxley ilikuwa ya kimaadili kama ilivyokuwa ya kifalsafa: mtu asidai kuwa na hakika ya jambo ambalo hana ushahidi wa kulithibitisha. Kanuni hiyo haimhoji mwamini peke yake. Inamhoji mkanamungu vilevile.

Kiswahili chetu kinaionyesha tofauti hii vizuri kuliko tunavyodhani. "Siamini kwamba Mungu yupo." "Naamini kwamba Mungu hayupo." "Sijui kama Mungu yupo." Sentensi ya kwanza inaeleza hali ya moyo wa msemaji. Ya pili inatoa dai kuhusu ulimwengu. Ya tatu inataja mpaka wa ujuzi. Kiambishi cha ukanushi kimehama, na maana imehama pamoja nacho.

Nitoe mfano wa Kimbiji, pwani ya Wilaya ya Kigamboni, ninakopenda kwenda mwisho wa juma. Chini ya ardhi ya huko kuna maji katika kina kirefu, na visima virefu vimechimbwa ili kuyatoa. Sasa turudi nyuma, kabla ya mtambo wa kwanza kufika. Mtu mmoja anasema maji yapo. Wa pili anasema hayapo. Wa tatu anasema, "Sijui, tusubiri wachimbaji." Je, wa tatu amesema maji hayapo? La hasha. Aongezeke na wa nne, anayesema hakuna mtambo utakaofika kina hicho, hivyo hatutajua kamwe. Huyu pia hajasema maji hayapo. Amesema juu ya uwezo wa mitambo yetu. Watu wa tatu na wa nne ndio waagnostiki, wa aina mbili. Kwa habari ya Mungu ugomvi ni mkubwa zaidi kwa sababu hata juu ya mtambo wenyewe hatujakubaliana: wengine wanasema ni akili, wengine wanasema ni ufunuo.

Katika Kimbiji hiyohiyo kuna kijana, mhitimu wa chuo, aliyemwambia mjomba wake baada ya futari kwamba hajui kama Mungu yupo. Hakutukana dini ya mtu. Mwezi haukuisha, posa yake ikarudishwa, na wazee wakaanza kujadiliana kama nyama aliyoichinja inalika. Mmoja wao aliniuliza barazani:

"Mwalimu, wewe ni msomi. Huyu si amekana?"

"Hapana, mzee wangu. Amesema hajui."

"Kuna tofauti gani?"

"Shahidi mmoja akisema 'hakuiba', na mwingine akisema 'sikuona', hakimu ataandika jambo moja?"

Mzee alifikiri, kisha akasema, "Hapana, hataandika." Lakini posa haikurudi.

Watakaoniambia kwamba hayo ni mambo ya kijijini tu, wayatazame ya majirani zetu. Chama cha wakanamungu nchini Kenya kilisajiliwa Februari 2016. Aprili mwaka huohuo, Mwanasheria Mkuu, Githu Muigai, alisimamisha usajili wake kufuatia malalamiko ya umma, ingawa Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa dhamiri. Mwaka 2021 katibu wa chama hicho alijiuzulu akisema amempata Yesu Kristo. Habari ile ilizunguka dunia, na watu wakaicheka kana kwamba mchezaji amehama Simba kwenda Yanga. Katika sensa ya Kenya ya 2019, wasio na dini na wakanamungu waliwekwa katika safu moja, wakahesabiwa zaidi ya 755,000. Kando yao kulikuwa na safu ya "hajui", yenye watu zaidi ya 73,000. Lakini safu hiyo haitwambii kama mtu hajui kuhusu Mungu, au aliyejibu kwa niaba ya kaya hakujua tu dini ya mwenzake. Agnostiki, basi, hana mahali pake hata kwenye jedwali la Serikali.

Historia inatuonya pia kuhusu kapu hili. Katika karne ya 2, Polikarpo, askofu wa Smirna, aliuawa huku Wakristo wakiitwa wakanamungu kwa sababu walikataa miungu ya Roma. Neno ambalo leo mhubiri humrushia jirani yake, jana walirushiwa mababu zake wa imani.

Sitawaacha wakanamungu wapite bila swali. Wapo vijana wasomi wanaodai kwamba agnostiki ni mkanamungu mwoga. Wamsome Bertrand Russell, ambaye mwaka 1947 alieleza kwamba mbele ya wanafalsafa angejiita agnostiki, kwa kuwa hakuwa na hoja ya kumaliza mjadala, ingawa mbele ya watu wa kawaida angejiita mkanamungu. Misimamo hii miwili yaweza kukaa ndani ya mtu mmoja kwa sababu inajibu maswali mawili. Anayesema "hayupo" kwa hakika naye ana deni la ushahidi, na kicheko mtandaoni hakilipi deni hilo.

Waamini nao wasiogope "sijui". Imamu Malik anakumbukwa na wanazuoni kwa wingi wa maswali aliyoyajibu kwa neno hilo. Mashehe wetu huhitimisha fatwa kwa kusema kwamba Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Thoma wa Akwino, mwalimu mkubwa wa Kanisa Katoliki, alifundisha kwamba kuhusu Mungu twaweza kujua vile asivyokuwa, si vile alivyo. Hawa hawakuwa waagnostiki, maana walikuwa na imani thabiti. Lakini walitambua kwamba imani na ujuzi ni vitu viwili. Kama imani ingekuwa ujuzi, isingehitaji kuitwa imani.

Hapa kwetu, Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa imani na wa kubadilisha dini. Tangu sensa ya 1967 hatujauliza dini katika sensa zetu, na nadhani tulifanya busara. Lakini fomu nyingine bado zina nafasi iliyoandikwa "Dini", na mwanafunzi asiyejua hujaza ya baba yake ili asiulizwe maswali. Tunamfundisha uongo wake wa kwanza wa kiofisi, tena kwa jina la Mungu.

Hasara yake haiishii kwenye fomu. Mtoto aliyepigwa kwa kusema "sijui" kuhusu Mungu hataisema mbele ya mganga anayeuza tiba ya kila maradhi, wala mbele ya mwanasiasa anayetaka shangwe kabla ya takwimu. Jamii iliyoharamisha neno hilo imejinyima kinga dhidi ya kila tapeli mwenye sauti ya uhakika.

Sikuombi, msomaji, uache kuamini, wala sikuombi uamini. Nakuomba unapomsikia mtu akisema "sijui", uandike alichosema, usiandike unachokiogopa.

Tutafakari.