Mlinzi wa Mwisho: Abaki au Atolewe?

Mwezi wa Julai mwaka 2016 wakuu wa klabu ya New York Yankees ya Marekani walikuwa na tatizo ambalo klabu nyingine za besiboli zingelitamani. Walikuwa na warushaji watatu wa akiba, Dellin Betances, Andrew Miller na Aroldis Chapman, ambao mpigaji yeyote aliwaogopa. Timu iliyokuwa ikiongoza hadi zamu ya sita iliweza kuwakabidhi watatu hao zamu zilizobaki na kwenda zake. Lakini kuongoza hadi zamu ya sita ndiko kulikokuwa kazi. Mwishoni mwa mwezi huo Yankees walikuwa wameshinda michezo karibu sawa na ile waliyopoteza, na mbele yao palikuwa na timu kadhaa. Swali likawa je, wamshike Chapman, mlinzi wao wa mwisho, ama wamtoe?

Kwa msomaji aliyezoea kandanda, yafaa kueleza kwanza mchezo wenyewe. Besiboli huchezwa na timu mbili zenye wachezaji tisa tisa. Haina saa. Ina zamu tisa, na katika kila zamu timu hupokezana kupiga na kulinda uwanja. Mrushaji husimama kama mita 18 na nusu kutoka kwa mpigaji, akautupa mpira kwa nguvu na hila; mpigaji hujaribu kuupiga kwa gongo na kuzunguka vituo vinne ili apate pointi. Wapigaji watatu wakitolewa, timu yao imekwisha kupiga kwa zamu ile. Maadamu hakuna saa, timu inayoongoza haiwezi kupoteza wakati kwa kupiga mpira nje ya uwanja kama wafanyavyo mabeki waliochoka. Wale wapigaji watatu wa mwisho sharti watolewe, mmoja baada ya mwingine, na mara nyingi hao ndio wanaopiga kwa hasira kuliko wote.

Hapo ndipo anapoingia mlinzi wa mwisho. Mrushaji aliyeanza mchezo huwa mkono wake umekwisha choka; basi huitwa mwingine, mbichi, aliyekaa muda wote katika kiwanja cha pembeni akisubiri. Wamarekani humwita kwa jina lenye maana ya mfunga mlango. Tangu mwaka 1969 kazi yake ina hesabu rasmi katika daftari la ligi: kwa kawaida, akiingia timu yake ikiongoza kwa pointi zisizozidi tatu, akaimaliza zamu ya mwisho bila uongozi huo kupotea, huandikiwa kuwa ameuokoa mchezo. Fikra ya hesabu hiyo ilitoka kwa Jerome Holtzman, mwandishi wa magazeti wa Chicago. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kocha Tony La Russa wa Oakland alianza kumtumia Dennis Eckersley aghalabu kwa zamu ya tisa peke yake, na klabu zote zikaiga. Ni nadra kwa mwandishi wa magazeti kubuni kazi ya mtu mwingine, na mshahara wake pia.

Jambo la pili la kufahamu ni soko. Katika kandanda klabu hununua mchezaji kwa fedha. Katika besiboli ya Marekani aghalabu hutolewa mtu kwa mtu: mchezaji aliyeiva hubadilishwa na vijana wawili, watatu au wanne walioko bado katika ligi za chini. Mlango wa soko hufungwa mwishoni mwa Julai au siku za kwanza za Agosti, yaani miezi miwili hivi kabla ya ligi kwisha. Mchezaji mwenyewe kwa kawaida haulizwi. Huambiwa leo, na kesho yake huvaa sare nyingine. Mkewe hubaki kufunga mizigo na kutafuta shule ya watoto katika mji asioujua, jambo ambalo familia za askari wanaohamishwa vituo hazihitaji kuelezwa.

Hoja ya kumshika mlinzi wa mwisho ina nguvu, na haifai kudharauliwa. Kushindwa mapema ni kitu cha kawaida. Lakini timu iliyoongoza saa tatu nzima ikapokonywa ushindi katika mpira wa mwisho, huondoka uwanjani imeinamisha vichwa, na kesho yake hucheza kwa woga. Kadhalika, ukimwondoa mlinzi wa mwisho, kila mtu katika safu ya akiba hupanda ngazi moja, na wa zamu ya saba hujikuta akilinda ya nane kabla hajawa tayari. Yankees wenyewe walikuwa na ushahidi nyumbani kwao. Mariano Rivera, mwana wa Panama, aliichezea klabu hiyo moja tu tangu mwaka 1995 hadi mwaka 2013, akaokoa michezo 652. Alikuwapo katika ubingwa wa miaka ya 1996, 1998, 1999, 2000 na 2009. Mwaka 2019 wapiga kura wote, pasipo hata mmoja kukataa, walimchagua kuingia katika jumba la heshima la mchezo huo, na kabla yake hakuna aliyewahi kuchaguliwa hivyo. Nani angemtoa mtu kama huyo?

Jibu ni kwamba Rivera alilinda ghala lililojaa. Timu zake zilishinda sana, kwa hiyo kila wiki palikuwa na uongozi wa kulindwa. Hilo ndilo la kupimwa kwanza, kabla ya kutazama kasi ya mkono wa mtu. Timu hucheza michezo 162 kwa msimu, ambayo ni zamu kama 1,450 za kulinda uwanja. Mlinzi wa mwisho hurusha 60 au 70 kati ya hizo, yaani chini ya zamu 5 katika kila 100. Ni kweli kwamba zamu hizo ni nzito kuliko nyingine. Lakini tangu zamani, kabla hata mtindo wa Eckersley haujazaliwa, timu iliyoingia zamu ya tisa ikiongoza imekuwa ikishinda karibu mara 95 katika 100. Mlinzi hodari huongeza juu ya hapo kidogo tu, na kidogo hicho hufaa kwa yule aliye karibu na ubingwa. Kwa timu iliyo katikati ya msafara ni sawa na kufuli la fedha kwenye banda lisilo na kuku.

Kisha kuna mkono wenyewe. Mrushaji wa kasi kubwa hutumia mshipa na kiungo kupita kiasi walichoumbiwa. Eric Gagné wa Los Angeles Dodgers aliokoa michezo 84 mfululizo kati ya mwaka 2002 na mwaka 2004 bila kukosa hata mmoja, akatunukiwa tuzo ya mrushaji bora wa ligi yake kwa mwaka 2003. Klabu ikamshika, na hapana aliyeilaumu. Mwaka 2005 akacheza michezo 14. Mwaka 2006 akacheza 2. Mkono ulikuwa umeumia, na Dodgers hawakupata kijana hata mmoja kwa ajili yake.

Chapman, mzaliwa wa Cuba, alikuwa na mkono wa namna hiyo. Mwaka 2010 alirusha mpira uliopimwa zaidi ya kilomita 170 kwa saa, na hakuna uliopata kupimwa ukiupita katika ligi kuu. Mkataba wake ulikuwa unakwisha mwaka ule ule wa 2016. Baada ya miezi mitatu angeweza kwenda apendako, na klabu isipate kijana hata mmoja. Lilikuwapo pia jambo jingine ambalo ukurasa usomwao na familia hauwezi kulipita. Yankees walikuwa wamempata Desemba 2015 kwa bei iliyoshuka, kwa sababu palikuwa na tuhuma za ugomvi wa nyumbani. Hakushtakiwa mahakamani, lakini wakuu wa ligi walimfungia michezo 30 mwanzoni mwa msimu, na akawa mchezaji wa kwanza kufungiwa chini ya kanuni mpya kuhusu ukatili wa nyumbani. Klabu ilinunua wakati wengine wanaona haya, ikataka kuuza wakati wengine wana haja. Biashara ilikuwa nzuri. Kama ilikuwa ya heshima ni swali jingine, na wengi katika mji ule waliliuliza.

Tarehe 25 Julai 2016 meneja mkuu Brian Cashman aliamua. Chapman akapelekwa Chicago Cubs. Yankees wakapokea watu wanne, wakiwamo Adam Warren, mrushaji aliyepata kuichezea Yankees hapo kabla, na kijana wa Venezuela mwenye umri wa miaka 19 aitwaye Gleyber Torres. Siku sita baadaye Miller naye, ambaye mkataba wake ulikuwa na miaka miwili zaidi, akapelekwa Cleveland kwa vijana wanne. Betances akabaki. Timu haikuanguka: ilimaliza msimu na ushindi 84 dhidi ya kushindwa 78, katika nafasi ya nne, mahali ambapo pengine ingefika hata kama wangebaki wote watatu.

Upande wa wanunuzi, je, walipumbazwa? La hasha. Cubs walikuwa hawajapata ubingwa tangu mwaka 1908. Watu walizaliwa, wakazeeka na kufa wakiungoja. Msimu huo walikuwa timu bora ya ligi nzima na wangeshinda michezo 103. Ghala lao lilikuwa limejaa, na mlinzi alihitajika. Fainali zikawakutanisha na Cleveland, na Miller alikuwa huko akiwangoja, baada ya kuchaguliwa mchezaji bora wa hatua iliyotangulia.

Kilichofuata kinafaa kukumbukwa na kila kamanda anayemtegemea mtu mmoja. Kocha Joe Maddon alimrefusha Chapman katika mchezo wa tano, akamtumia tena katika wa sita ingawa Chicago walikuwa mbele kwa pointi nyingi, na katika wa saba, tarehe 2 Novemba 2016, akamwita zamu ya nane, pointi 6 kwa 3. Mkono ulikuwa umechoka na kasi imepungua. Brandon Guyer akapiga na kuingiza pointi moja. Kisha Rajai Davis akaupiga mpira ukavuka ukuta wa kushoto, na matokeo yakawa 6 kwa 6. Chapman alirudi zamu ya tisa akaimaliza salama kwa hila zaidi kuliko nguvu. Mvua ikasimamisha mchezo dakika 17. Katika zamu ya kumi Chicago wakapata pointi mbili, Cleveland moja, na mpigaji wa mwisho akatolewa na Mike Montgomery, ambaye hakuwa ameokoa mchezo hata mmoja katika ligi kuu kabla ya usiku ule. Daftari, kwa kanuni zake, likamwandikia Chapman kuwa ndiye mrushaji aliyeshinda.

Si kila mnunuzi hupata ubingwa. Julai 1997 Seattle Mariners walikuwa na wapigaji wakali na safu dhaifu ya akiba. Kwa haraka wakamchukua Heathcliff Slocumb, mlinzi wa mwisho wa Boston, wakatoa vijana wawili, Jason Varitek na Derek Lowe. Seattle walitolewa mapema Oktoba ile, na Slocumb akaondoka baada ya msimu uliofuata. Boston, waliokuwa na timu mbaya na hawakuwa na cha kulinda, walisubiri. Mwaka 2004, walipopata ubingwa wao wa kwanza tangu mwaka 1918, Varitek ndiye aliyekuwa mdakaji na nahodha wa kweli wa timu, na Lowe akaandikiwa ushindi katika mchezo wa kumaliza kila moja ya hatua tatu za mwisho. Klabu nyingi hulitaja jina la Slocumb kila Julai inapofika.

Ama kuhusu Yankees, Desemba 2016 walimrudisha Chapman yule yule kwa mkataba wa miaka 5 na dola milioni 86. Kwa hiyo walikuwa na mlinzi na kijana pia. Torres aliingia ligi kuu mwaka 2018, na mwaka 2019 alipiga mipira 38 ikatoka nje ya uwanja. Oktoba ya mwaka huo, ghala likiwa limejaa sasa, Chapman alisimama mbele ya José Altuve wa Houston katika zamu ya tisa, pointi 4 kwa 4. Altuve akaupiga mpira nje, na msimu wa Yankees ukaishia pale.

Mwaka 2023 Chapman alikuwa Kansas City, kwa mkataba mdogo wa mwaka mmoja, katika timu iliyopoteza michezo 106. Hapo hapakuwa na la kupima sana. Tarehe 30 Juni alitolewa kwenda Texas, na Kansas City wakampokea mrushaji kijana Cole Ragans. Texas wakatwaa ubingwa vuli ile ile. Kansas City wakashinda michezo 86 mwaka uliofuata, na tarehe 1 Oktoba 2024 Ragans akarusha zamu sita dhidi ya Baltimore bila kutoa pointi, timu yake ikashinda kwa 1 kwa 0. Aliyefunga mlango siku hiyo alikuwa Lucas Erceg. Klabu ilikuwa imemchukua kutoka Oakland miezi miwili kabla, kwa kutoa vijana watatu.