Mizani Iliyomo Kinywani mwa Mtoto

Mimi ni mtoto wa chuo. Nilianza alifu kwa ujiti ningali mdogo, nikakhitimu Kurani kabla sijajua maana ya hata aya moja. Simlaumu mwalimu wangu, Mungu amrehemu. Alinipa matamshi, na matamshi ni amana. Lakini maana niliitafuta mwenyewe ukubwani, kwa taabu, na taabu hiyo hiyo nimeiona tena safari hii nilipokuwa Kisii.

Kule kwenye milima ya migomba na majani chai, Kisii na Nyamira, Waislamu ni wachache, na mtoto huja chuoni akisema Ekegusii nyumbani na Kiswahili skuli. Nilimsikiliza kijana mmoja akisoma juzuu ya Amma pasi na kusita. Nikamwuliza, "Mwanangu, kataba maana yake nini?" Akainama. Nikamwuliza tena, "Na kitabu wakijua?" Akajibu, "Naam, shekhe." Katibu je? Maktaba? Katiba? Mkataba? Yote aliyajua. Basi nikamwandikia kafu, tee na bee ubaoni, nikamwambia atazame. Akacheka. Kumbe neno alikuwa nalo siku zote!

Hapo ndipo penye shauri langu. Tusiwakaririshe watoto maneno ya Kiarabu moja moja, kama punje za tasbihi iliyokatika uzi. Uzi wenyewe ni mzizi wa herufi, aghalabu tatu, na Kiswahili chetu kimejaa mizizi hiyo.

Zaidi ya mzizi, kuna umbo. Katibu, hakimu, tajiri na dhalimu ni umbo moja, la mtendaji. Maktaba, mahakama na madrasa ni umbo la mahali. Maarufu, maalumu na mahabusu ni la mtendewa: anayejulikana, kinachojulikana, aliyefungwa. Mtoto akishika maumbo haya matatu tu, amepata ufunguo wa milango mingi.

Wala shina si jambo geni kwa Mgusii. Kwao korema ni kulima, omoremi ni mkulima, abaremi ni wakulima. Shina limekaa, vya pembeni vimebadilika. Tofauti ni kwamba Kiarabu hubadili na sauti za ndani ya shina. Mwalimu aanzie hapo.

Wenye sarufi ya Kiarabu huliita umbo hilo mizani, jina lile lile tunalohesabia silabi za mashairi yetu. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwenye asili ya Oman, aliyeishi karne ya 8, ndiye aliyeweka kanuni za bahari za mashairi ya Kiarabu, na ndiye aliyebuni Kitab al-Ayn, kamusi ya kwanza ya lugha hiyo, iliyopangwa kwa mizizi. Hata kamusi ya Hans Wehr inayotumiwa sana leo imepangwa hivyo. Asiyejua mzizi ataitafuta maktaba kwenye mimu, wala hataiona.

Wako watakaosema kwamba sarufi ni ya wakubwa, mtoto ataokota lugha kwa kusikia. Nawajibu kwa jirani zetu Wanubi, ambao wako mjini Kisii pia. Wazee wao, askari wa Kisudani waliokuja na jeshi la Waingereza, walikiokota Kiarabu kwa kusikia, kikazaa Kinubi, lugha tamu yenye heshima zake. Lakini katika Kinubi ile mizani imevunjika, na mtoto wa Kinubi hufundishwa Kiarabu cha Kurani chuoni sawasawa na mwenzake Mgusii.

Tahadhari ni mbili. Kwanza, maana huhama: tajiri kwa Mwarabu ni mfanyabiashara, hata kama hana senti. Pili, Kiswahili huchanganya herufi. Sisi washairi huandika kalbu tukikusudia moyo. Huo ni moyo kwa herufi ya kafu nzito, ile ya Kurani. Ukiuandika kwa kafu ya kitabu, umepata mbwa! Kwa hiyo mzizi uandikwe kwa herufi za Kiarabu, usikisiwe kwa sikio.

Walimu wa vyuo, wa Kisii na wa kwetu pwani, hili halihitaji fedha. Lahitaji ubao, chaki, na mzizi mmoja kila siku baada ya sabaki. Kuhifadhi kubaki pale pale. Ila mtoto anayehifadhi ajue pia alichokibeba.